Kuwapaka Rangi Wapiga Mizinga: Mwongozo Kamili wa Sare za Visanamu vya Vita, Kutoka Lamu

Kikosi cha askari wa miguu ni rahisi kupaka rangi kuliko watu watano waliouzunguka mzinga mmoja. Askari thelathini wakipangwa kwa safu, jicho huwapita kwa mkupuo, na kola iliyoharibika ya mmoja humezwa na wenzake. Wapiga mizinga hawana pa kujificha. Ni wachache, kila mmoja ameshika kitu tofauti, na mzinga ulio katikati yao ndio kitu cha kwanza kutazamwa mezani. Hata hivyo, wengi wetu tunaocheza michezo hii ya vita vya mezani huku Lamu huiacha mizinga hadi mwisho, na zamu yake ikifika tunaimaliza harakaharaka: watu wote buluu ile ile, mikanda myeupe ile ile, basi.

Ninachoshauri ni hiki: anza na kazi ya kila mtu, kisha mwaka wa vita, kisha ndipo uje kwenye sare. Tofauti kati ya mtu na mtu kwenye mzinga haitokani na kubadilisha rangi ovyo ili kupendeza. Inatokana na masizi, maji, jua na cheo.

Kazi kwanza

Chukua mzinga wa shambani wa Waingereza wa wakati wa Napoleon, ule wa kurusha tufe la ratili 9. Jiweke nyuma yake ukitazama upande wa adui. Mbele kulia, karibu na mdomo wa mtutu, yuko mpanguzaji wa mtutu, mwenye mti mrefu: upande mmoja una sifongo ya ngozi ya kondoo, upande wa pili una kichwa cha kushindilia. Mbele kushoto yuko mpakiaji, anayetia mfuko wa baruti na tufe la chuma. Nyuma kulia yuko mwenye tundu: mpanguzaji anapofanya kazi, yeye huziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba ili hewa isipite ikachochea cheche zilizobaki ndani. Kidole hicho kimevikwa kifuko cha ngozi, maana shaba huwa ya moto. Nyuma kushoto yuko mwashaji mwenye utambi. Nyuma kabisa, penye mkia wa kigari kinachoubeba mtutu, yuko mkubwa wao anayelenga, pamoja na mwenye gongo la kusogezea.

Sasa tafsiri hayo kwa rangi. Mpanguzaji ana mikono myeusi hadi karibu na viwiko, na suruali yake imelowa kuanzia magotini kwa sababu ya ndoo ya maji. Mwenye tundu ana nukta ya hudhurungi kwenye kidole gumba. Ni tone moja tu la rangi, lakini mtu anayeijua mizinga akiliona atainama kutazama vizuri. Mwashaji ana ncha ya chungwa kwenye utambi, na juu ya chungwa hilo kitone cha manjano. Ofisa ni msafi. Kuna jambo linalokosewa sana hapa: watu huwapaka wapiga mizinga weusi mdomoni. Weusi huo ni wa askari wa bunduki, waliokuwa wakiing'ata karatasi ya risasi kwa meno. Mpiga mzinga hakung'ata chochote. Masizi yake yako mikononi na kwenye ncha za mikono ya koti.

Sare za vita vya Napoleon

Kipindi hiki, hadi pigano la Waterloo huko Ubelgiji tarehe 18 Juni 1815, ndicho chenye rangi nyingi zaidi, na ukikimudu vingine vyote ni vyepesi.

Waingereza wa Royal Artillery wanavaa koti la buluu iliyokoza, kola na ncha za mikono nyekundu, utepe wa manjano, mikanda myeupe na kofia nyeusi ya shako. Vitani suruali ya kijivu ndiyo iliyozoeleka. Wale wa Royal Horse Artillery wana koti fupi lililojaa kamba za manjano kifuani, na kofia ya Tarleton yenye manyoya yaliyosimama toka mbele hadi nyuma. Kigari cha mzinga ni cha kijivu, vyuma vyake vyeusi.

Wafaransa wa mizinga ya miguu ni mtihani. Koti buluu, vifua vya koti buluu, kizibao buluu, suruali buluu. Kinachowaokoa ni wekundu: ncha za mikono, mapindo ya mikia ya koti, vishada vya mabegani, na kikanda chembamba kinachozunguka vifua. Usipokichora hicho kikanda, utapata doa moja jeusi lenye uso. Vigari vyao ni vya kijani cha zeituni, na huna haja ya kununua rangi hiyo: changanya manjano ya udongo na nyeusi kidogo, kama walivyofanya wenyewe. Waendesha farasi wa mizinga hawavai hivyo. Wao wana kijivu cha chuma chenye kola na vifua vya buluu iliyokoza, kwa hiyo usiwatie kwenye chungu kimoja na wapigaji.

Waaustria ndio niwapendao. Koti la hudhurungi lenye kola na ncha za mikono nyekundu, suruali nyeupe, na vigari vya manjano ya udongo vyenye vyuma vyeusi. Ukiweka betri, yaani kikosi cha mizinga, ya Waaustria kando ya Wafaransa, meza inachangamka bila taabu yoyote.

Waprusia wana koti la buluu iliyokoza lenye kola na ncha za mikono nyeusi zilizozungushiwa kikanda chekundu. Warusi wana kola nyeusi na kikanda chekundu vilevile, ila koti ni la kijani kilichokoza. Watu huwachanganya hawa wawili kwa sababu kwenye kivuli, buluu yao na kijani chao hukaribiana sana. Kinachowatenga ni kigari: cha Waprusia ni cha buluu iliyopauka kuelekea kijivu, cha Warusi ni cha kijani cha tufaha. Paka kigari kwanza, ndipo uamue koti uliinue, yaani ulifanye jepesi, kiasi gani.

Ukihamia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, mambo ni mafupi. Jeshi la Muungano: koti fupi buluu iliyokoza lenye utepe mwekundu, suruali ya buluu ya angani. Jeshi la Kusini: kijivu au hudhurungi iliyofifia, na wekundu kwenye kola, ncha za mikono na kofia kwa aliyebahatika kuupata. Vigari ni vya kijani cha zeituni. Mzinga wa ratili 12 uitwao Napoleon ni wa shaba. Ule wa inchi 3 wenye mifuo ni wa chuma, upake mweusi.

Vifaa, na hewa ya kisiwani

Kifurushi kutoka ng'ambo kinafika Mombasa, kinapanda basi hadi Mokowe, kisha kinavuka kwa boti. Kwa hiyo agiza kwa pamoja vitu vichache visivyopatikana huku: rangi za akriliki za maji, kama Vallejo, na burashi mbili nzuri za manyoya zenye ncha kali. Burashi ndogo kupita kiasi si msaada. Hushika rangi kidogo na rangi hiyo hukauka kabla haijafika kwenye kisanamu. Nunua namba 1 yenye ncha, na namba 0. Za kazi chafu nunua zozote za watoto wa shule.

Vingine vyote vipo mjini. Gundi nyeupe ya mbao, wembe, msasa laini, vijiti vya meno, vifuniko vya soda vya kushikizia visanamu, karatasi ya kuokea mikate. Rangi ya mashua, hata hivyo, iache huko huko dukani. Nilipomuuliza mzee mmoja muuza rangi pale Langoni, alinitazama juu ya miwani: "Mwanangu, hii ni ya kuzuia maji ya bahari. Wewe wataka kumpaka mtu asiyefika kidole!" Alisema kweli. Ni nzito, inang'aa, inachukua muda mrefu kukauka, na thina yake huila plastiki ngumu.

Joto letu hukausha akriliki ungali unachanganya. Dawa yake ni sahani yenye unyevu: chukua kifuniko kipana cha plastiki, tandika karatasi ya chooni iliyolowa tabaka kadhaa, juu yake karatasi ya kuokea, na weka rangi hapo. Ukiifunika usiku, asubuhi utaikuta ingali mbichi. Maji ya kulowesha na ya kuchanganyia yasiwe ya kisima chenye chumvichumvi. Chumvi haiondoki maji yanapokauka. Inabaki kwenye kisanamu, na juu ya buluu iliyokoza inaonekana kama ukungu mweupe kwenye mikunjo. Tumia ya mvua, au ya chupa.

Hatua ya kwanza: kusafisha na kujaribu

Osha kila kisanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kikaushe vizuri. Vingi vina mafuta ya kiwandani yanayoikataa rangi. Ondoa mstari wa mshono unaopita ubavuni. Kwa metali tumia tupa ndogo au wembe ukiukokota badala ya kukata. Plastiki laini ya visanamu vya kipimo cha 1/72 haikubali tupa wala msasa, hutoa nyuzinyuzi. Hiyo ikate kwa wembe mpya, taratibu.

Kabla ya rangi yoyote, panga watu wako kuuzunguka mzinga bila gundi. Angalia mti wa kushindilia unaingia mtutuni au unagonga gurudumu, angalia mpakiaji anamtazama nani. Tia alama ya penseli chini ya kila kituo, yaani kibao anachosimamia kisanamu. Kisha watenganishe tena, na kila mmoja umgandishe kwenye kifuniko cha soda. Mzinga, magurudumu na watu vipakwe mbalimbali. Aliyekwisha kubandika kila kitu hafikishi burashi nyuma ya gurudumu.

Hatua ya pili: andakoti

Kwa makoti ya buluu na kijani iliyokoza tumia andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, nyeusi. Kwa Waaustria, hudhurungi. Kwa kaki, kijivu. Nyeupe siipendekezi kwa wapiga mizinga, kwa sababu kila sehemu usiyoifikia chini ya mikono na nyuma ya mikanda itang'aa.

Rangi ya kopo ya kupuliza ina masharti yake huku. Alfajiri na usiku hewa ina unyevu mwingi, na unyevu huigeuza rangi kuwa ya chokaa. Mchana wa kaskazi upepo unaikausha hewani kabla haijagusa kisanamu, inatua kwa chembechembe za mchanga. Wakati mzuri ni kati ya asubuhi na adhuhuri, uani penye kuta nne, kopo likiwa karibu kuliko unavyodhani, kwa mipigo mifupi. Masika yakianza, sahau kopo. Paka andakoti kwa burashi, nyembamba, mara mbili.

Visanamu vya plastiki laini vinahitaji kitu cha ziada, maana vinapindika na rangi hukatika kwenye miti ya kushindilia na kwenye panga. Vipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo kabla ya andakoti, uviache vikauke hadi kesho yake.

Hatua ya tatu: ngozi

Mpangilio wangu ni kutoka ndani kwenda nje: ngozi, shati, suruali, koti, mikanda, kofia, vifaa. Uso ukikaa vizuri mwanzoni, hata moyo wa kuendelea unapatikana.

Miongozo mingi inachukulia kwamba kila askari ni Mzungu. Kwa Wazungu anza na hudhurungi ya wekundu, juu yake rangi ya ngozi ukiiacha ile hudhurungi ionekane kwenye macho na chini ya kidevu, kisha mwanga, yaani rangi nyepesi zaidi, kwenye pua, mashavu na vifundo vya vidole. Mtu aliyekaa juani vitani si wa waridi, mwongezee hudhurungi.

Kwa askari wetu, wa Kiafrika au Waswahili, kosa ni kutafuta mwanga kwa kuongeza nyeupe. Ngozi hupauka, ukamwona mtu kana kwamba ametoka kuoga hakujipaka mafuta. Anza na hudhurungi iliyokoza sana yenye tone la nyekundu. Mwanga wa kwanza ongeza hudhurungi ya kawaida, wa pili ongeza chungwa au manjano ya udongo kidogo, na wa mwisho uweke kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua tu. Viganja ni vyeupe kuliko mgongo wa mkono: kwa mtu aliyeshika mti wa kushindilia huenda kiganja kisionekane, lakini kwa anayeinua mkono kutoa amri kinaonekana, na kukipaka ni kugusa mara moja. Usiwape wote rangi moja. Tazama watu watano waliokaa barazani popote mjini, kisha rudi kwenye sahani yako.

Hatua ya nne: koti, na ile buluu

Buluu iliyokoza ya makoti ya zamani ilitiwa nili, na nili hupauka kwa jua na mvua. Hii ndiyo sababu halali ya kuwatofautisha watu wako. Msingi wa wote uwe mmoja, buluu karibu na nyeusi. Tabaka la pili, buluu iliyokoza, liache mikunjo na chini ya kwapa. Tabaka la tatu ndipo watu waachane: kwa askari mzoefu ongeza kijivu, ili koti lionekane limechakaa mabegani na mgongoni, kwa mgeni ongeza buluu safi, kwa ofisa, buluu safi na mstari mwembamba wa mwanga kwenye ncha. Nyeupe usiichanganye kwenye buluu hii, itageuka buluu ya angani na utampa sare ya jeshi jingine.

Kumbuka pia kwamba kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile. Kipande halisi cha kitambaa ukikilinganisha na kisanamu cha milimita 28, kisanamu lazima kiwe chepesi kidogo ndipo macho yakubali. Cha milimita 15, chepesi zaidi.

Kijani cha Warusi kiinue kwa manjano ya udongo. Hudhurungi ya Waaustria iinue kwa rangi ya mchanga. Nyekundu iinue kwa chungwa; nyeupe ikiingia kwenye nyekundu inakuwa waridi, na hakuna betri ya waridi.

Sasa kile kikanda chembamba chekundu kinachozunguka kola nyeusi. Usijaribu kukichora. Paka kola yote nyekundu, pana kuliko inavyotakiwa, hata ikivuka mpaka. Ikikauka, paka nyeusi katikati ukiacha ukingo wa nyekundu. Kisha rudi na rangi ya koti upande wa nje, uupunguze wekundu hadi ubaki uzi. Unakata mstari kutoka pande mbili, na mkono unaotetemeka hausumbui sana. Kwa visanamu vya milimita 15 fanya kola na ncha za mikono pekee. Vifuani achana navyo.

Mikanda myeupe ifanye hivyohivyo: mstari wa kijivu kilichokoza, ndani yake kijivu chepesi, na nyeupe halisi mahali mkanda unapopita begani tu. Vifungo vya shaba viweke kwa ncha ya kijiti cha meno. Ukikosa mpangilio wake, kipanguze upesi kwa burashi yenye maji, usingoje.

Hatua ya tano: kuwachakaza

Hapa ndipo wengi huharibu kwa kuzidisha. Katika watu watano, mmoja avae suruali tofauti, ya kijivu badala ya nyeupe au ya hudhurungi aliyoipata njiani. Mmoja awe amevua koti, amebaki na shati na kizibao, akiwa ndiye mpanguzaji au mwenye gongo. Wengine wawe wa kawaida. Ukimpa kila mmoja upekee wake hutakuwa na jeshi tena.

Maji ya rangi, yaani rangi iliyozimuliwa hadi ikatiririka, yawe ya hudhurungi kwa ngozi, ngozi ya wanyama na mbao. Nyeusi yenye buluu kwa makoti. Kijivu kwa vyeupe. Yaelekeze kwenye mikunjo, usikizamishe kisanamu kizima. Tope lianze chini ya magoti likipungua kuelekea juu. Waterloo mvua kubwa ilinyesha usiku wa tarehe 17, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na viatu vyeusi safi asubuhi yake.

Hatua ya sita: mzinga wenyewe

Paka kigari kwa rangi yake, kisha pitisha burashi kavu: chovya, futa kwenye karatasi hadi karibu iishe, halafu pitisha juujuu kwenye kingo ili zishike mwanga. Vyuma vyote viwe vyeusi, na kingo zake mguso wa kijivu. Mzingo wa gurudumu unaogusa ardhi ni wa chuma kilichosuguliwa: pitisha fedha kavukavu, kisha vumbi.

Mtutu wa shaba ukipakwa dhahabu huonekana kama pambo la sanduku. Anza na hudhurungi, juu yake shaba, juu ya mgongo wa mtutu shaba ya manjano, na kwenye pete na vishikio mwanga kidogo. Kisha maji ya rangi ya hudhurungi kote. Masizi yaende mahali pawili tu: ndani na kuuzunguka mdomo, na kuizunguka tundu ya kuwashia yakimwagika kidogo nyuma. Sifongo iwe kijivu kichafu yenye weusi katikati, si nyeupe. Ndani ya ndoo, rangi nyeusi na tone la vanishi ya kung'aa. Hayo ndiyo maji yake.

Kituo na ardhi

Mchanga wa Shela ni mzuri kwa macho na ni mbaya kwa Ubelgiji. Uwanja wa Waterloo ulikuwa mashamba ya nafaka na udongo mzito; ukiwaweka Royal Artillery juu ya mchanga mweupe umewaleta likizo. Uutumie ukitaka, lakini upakwe hudhurungi iliyokoza, kisha burashi kavu ya rangi ya udongo. Kwanza uuoshe mchanga kwa maji baridi hadi uishe ladha ya chumvi, uuanike. Mchanga wenye chumvi unavuta unyevu kila msimu wa mvua, na gundi nyeupe chini yake inalainika na kutoa mabaka.

Kwa vita vya pwani yetu, ndipo mchanga huo na vipande vya matumbawe vinapofaa bila kufichwa. Rangi ya jiwe kaitazame kwenye kuta za Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821: si nyeupe, ni kijivu chenye mabaka meusi ya mvua na manjano ya chokaa ya zamani.

Vita vya huku kwetu

Meza ya Ngome ya Yesu ni ya kuvutia na haina sare kabisa. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwepo Waswahili pia, wakiwemo watu wa Faza. Kwa hiyo mzinga mmoja unaweza kuwa na Mreno mwenye shati la kitani na suruali pana, kando yake mtu mwenye kilemba, nguo ya kiunoni na jambia. Rangi za nguo zishushe: nili, nyeupe iliyochakaa, hudhurungi, nyekundu ya udongo. Bila sare, kinachounganisha kundi ni rangi mbili zinazojirudia, mathalani nili kwenye kilemba cha huyu na kwenye mkanda wa yule. Na baada ya miezi ndani ya ngome, hakuna aliye msafi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vinakupa mizinga ya Königsberg. Meli hiyo ya Wajerumani iliangamizwa mtoni Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa na kupigana nchi kavu. Mmoja upo Ngome ya Yesu, Mombasa. Kautazame kabla hujapaka wako. Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, wanavaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Kaki si rangi moja: wape msingi mmoja wa hudhurungi ya kijani, halafu mwanga wa mmoja uelekee manjano, wa mwingine kijivu, wa tatu mchanga. Nguo iliyofuliwa mara nyingi huwa nyepesi kuliko mkoba na viraka vyake.

Upande wa Waingereza kulikuwa na mizinga ya milimani ya Wahindi, kaki na vilemba vya kaki, mizinga ikibebwa vipande vipande juu ya wanyama. Kwa wanyama hao hatuna haja ya kutafuta picha. Toka nje ya mlango umtazame punda: pua nyeupe, duara jeupe kulizunguka jicho, ukingo mweusi wa sikio, na msalaba mweusi unaopita mabegani. Nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, umfanye mkubwa na mwenye rangi iliyokoza zaidi, masikio mafupi kidogo.

Anayetaka kumkumbuka babu yake aende Burma, 1944, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mzinga wa ratili 25 una watu sita, nguo za kijani cha msituni, kofia pana zenye ukingo. Hapa sare ni moja na hakuna kikanda cha kukata, kwa hiyo kazi yote iko kwenye ngozi na jasho: mgongo na kwapa zipakwe kijani kile kile kilichotiwa weusi kidogo, kwa mabaka, bila mpaka mkali.

Vanishi na kuhifadhi

Tabaka la kwanza liwe vanishi ya kung'aa, ambayo ni ngumu, na la pili ya kufifisha. Ile ya kufifisha ya kopo ndiyo inayoharibika zaidi kwa unyevu, inageuka ukungu mweupe juu ya kazi yote. Ikiwa ni msimu wa mvua, tumia ya burashi. Mtutu na maji ya ndoo yaguse tena kwa ya kung'aa mwishoni.

Visanamu vya zamani vya madini ya risasi visikae kwenye kabati la mbao lililofungwa. Mvuke wa asidi wa mbao pamoja na unyevu wetu huila risasi ikawa unga mweupe, na unga huo una sumu, usiupulize wala kuugusa bila glavu. Vitie kwenye sanduku la plastiki lenye vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vikishalowa ubadilishe. Mizinga ilale kwa kigari chake, wala usiiegemeze kwa mtutu.